Gari Limenyanyuliwa, Mbona Limelala Upande?

Umefunga springi mpya na shokapu mpya, gari limepanda inchi mbili kama ulivyotaka, lakini ukisimama mita chache nyuma yake unaona upande wa kulia uko chini kuliko wa kushoto. Wenye Land Cruiser, Prado na Hilux wanalijua tatizo hili vizuri, na wanalijua zaidi wale ambao magari yao hufanya kazi mbugani, kwa sababu huko gari hubebeshwa mizigo mingi na kunyanyuliwa ni jambo la kawaida. Ukimrudia fundi, mara nyingi jibu la haraka ni moja: tuweke spesa upande ulioshuka.

Naomba usikubali bado. Spesa ni dawa nzuri ya ugonjwa mmoja, nao ni uzito usiolingana kati ya pande mbili za gari. Ukiiweka kwenye gari ambalo bushi zake zimekazwa vibaya, au springi yake haijakaa kwenye kiti chake, gari litaonekana limenyooka huku kosa likiwa palepale ndani. Utakuja kuliona baadaye kwenye bushi zilizopasuka, au siku gari litakapovuta upande mmoja ukikanyaga breki kwenye vumbi.

Anza kwa kupima, na upime sawasawa. Usipimie kwenye kituo cha mafuta, kwa sababu sakafu yake huwa imetengenezwa na mteremko wa kupitisha maji. Tafuta sakafu ya zege iliyonyooka. Kama huna uhakika nayo, pima gari, kisha ligeuze litazame ulikotoka, lisimame pale pale, upime tena. Upande ulioshuka ukihama kutoka kulia kwenda kushoto, mwenye kosa ni sakafu. Kabla ya yote hayo jaza upepo sawa kwenye matairi ya kila ekseli, toa mizigo, shusha abiria, na uandike mafuta yako kiasi gani tangini. Endesha mbele na nyuma mita kadhaa, simamisha taratibu bila kubana breki kwa nguvu, kisha libonyeze gari mbele na nyuma mara chache ili springi zikae zinapotaka kukaa.

Sasa chukua futi kamba. Weka ncha yake kwenye kitovu cha ringi, katikati kabisa, uipandishe wima hadi ukingo wa chini wa madigadi. Fanya hivyo kwenye kona zote nne na uandike kwa milimita. Ukipima kutoka chini, unachanganya tairi na springi kwenye namba moja, na tairi lililoisha au lenye upepo mdogo litakudanganya. Kipimo cha kutoka kitovuni kinaliondoa tairi kwenye hesabu. Kwa hiyo kama vitovu vinakupa namba zinazolingana lakini macho bado yanaona gari limelala, acha springi, chunguza matairi na sakafu.

Kuna kipimo cha pili ambacho wengi hawakifanyi. Ingia chini, gari likiwa limesimama kwenye matairi yake, upime kutoka juu ya ekseli hadi kwenye chasisi, kulia na kushoto, ukichagua sehemu zinazofanana pande zote. Kama gari lako halina ekseli nzima mbele, pima kutoka mwisho wa mkono wa chini. Chasisi ikiwa sawa na madigadi yakitofautiana, springi hazina hatia. Hapo tatizo ni bodi: ama gari liliwahi kugongwa na madigadi yakarudishwa kwa kukadiria, ama raba zinazokalisha bodi juu ya chasisi zimebonyea upande mmoja. Magari mengi yaliyonunuliwa yakiwa yametumika yana historia ya namna hii, na mwenyewe huigundua siku anapolinyanyua, kwa sababu ndiyo siku anayoanza kuliangalia kwa makini.

Tofauti ya chini ya milimita 10 isikunyime usingizi. Magari mengi hutoka kiwandani yakiwa na tofauti ya kiasi hicho. Vilevile springi mpya hushuka kidogo zikianza kazi, na si lazima zishuke kwa mwendo mmoja, kwa hiyo kama gari limetoka gereji jana, liendeshe kilomita mia kadhaa, upime tena. Lakini tofauti ya milimita 20 au 25 haitajirekebisha yenyewe barabarani.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Gari ni meza ya miguu minne ambayo ubao wake haupindi. Ukirefusha mguu mmoja, kona zote nne zinabadilika, na kona inayoonekana imeshuka inaweza kuwa haina ugonjwa wowote. Tuseme springi ya nyuma kushoto imezidi kwa milimita 20. Kama springi zote zina ugumu unaokaribiana, kona hiyo itapanda kama milimita 15, majirani zake wawili watapanda kama 5 kila mmoja, na kona ya mshazari, yaani mbele kulia, itashuka kama 5. Ukisimama mbele ya gari unaona kulia kuko chini kwa milimita 10. Fundi naye anaona hivyo hivyo, anaweka spesa mbele kulia. Akiweka ya kutosha, kona zote nne zinakuwa sawa kabisa, futi kamba inasema kazi imekwisha, mnapeana mikono. Kumbe sasa springi ya mbele kulia na ya nyuma kushoto zimebanwa kupita kiasi na zile mbili nyingine zimepunguziwa mzigo. Matairi mawili ya mshazari yanabeba uzito mkubwa kuliko wenzao. Kwenye lami hutalijua hilo. Kwenye makorongo ya kuelekea Serengeti, au kwenye matope, utashangaa kwa nini tairi moja hupoteza mshiko mapema hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa springi yoyote, jua kwanza tatizo linatoka mbele au nyuma. Jaribio lake halihitaji mashine. Weka kabari imara mbele na nyuma ya matairi ya mbele, kwa sababu breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma na unakwenda kuyanyanyua. Weka jeki ya magurudumu chini ya katikati ya ekseli ya nyuma, inua mpaka matairi yote mawili ya nyuma yaache sakafu kidogo tu. Ekseli sasa inakaa juu ya nukta moja na iko huru kuegemea upande wowote, haiwezi tena kulazimisha bodi ilale. Pima mbele. Kama kulala bado kupo vilevile, chanzo kiko mbele. Kama bodi imenyooka, chanzo kiko nyuma. Kisha geuza jaribio: kabari kwenye matairi ya nyuma, jeki katikati mbele. Kwenye gari lenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser 70 na 80, jeki inakaa katikati ya ekseli, na uangalie kwamba kichwa cha difu cha mbele mara nyingi hakiko katikati. Kwenye Prado na Hilux za sasa, inakaa katikati ya boriti ya chasisi iliyo chini ya injini. Wakati wote huo mtu yeyote asiingie chini ya gari. Kila kazi ya kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki, gari likae kwenye stendi.

Ukishajua ni mbele au nyuma, anza na bushi. Ningependa kila mwenye gari alijue jambo hili kabla hajapeleka gari gereji, maana hutokea mara nyingi na marekebisho yake hayahitaji kununua kitu chochote. Bushi nyingi za mikono ya mbele na za springi za majani ni raba iliyogandishwa kati ya mirija miwili ya chuma. Boliti ikikazwa, mrija wa ndani unashikwa na hauzunguki tena. Kinachojipinda ni raba. Sasa fundi amefunga kila kitu gari likiwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia, na amekaza boliti zote hapo hapo kwa nguvu zake zote. Gari likishushwa, mkono unapanda, raba inajipinda kwa kiasi kikubwa, na inaanza kusukuma kurudi kule ilikokazwa. Raba hiyo imegeuka kuwa springi ya ziada. Kama boliti za kulia zilikazwa gurudumu likiwa linaning'inia na za kushoto zikakazwa jeki ikiwa imelisukuma gurudumu juu, umeshapata gari lililolala, na raba hizo zitapasuka mapema.

Mwambie hivi: "Fundi, naomba tulegeze boliti zote za mikono na za pingili za springi, gari likiwa chini kwa magurudumu yake." Zilegezwe, zisitolewe, nusu mzunguko wa nati au mmoja unatosha ilimradi mrija wa ndani uzunguke. Sukuma gari mbele na nyuma, libonyeze kila kona, liache litulie. Kisha zikazwe gari likiwa bado limesimama kwenye matairi yake, kwa spana ya toki na kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kama nafasi ya kuingia chini ni ndogo, magurudumu yapandishwe kwenye rampu nne au gari liingizwe juu ya shimo la gereji. Baada ya hapo pima upya. Ukiona milimita zimerudi, umeokoa pesa ya spesa na ya bushi za mwaka kesho.

Kama zoezi hilo halikubadilisha kitu, chunguza springi zenyewe zimekaaje. Springi ya koili ina mwisho uliokatwa, na kiti chake kina kishimo au kizuizi ambapo mwisho huo unatakiwa kuegemea. Washa tochi uangalie kulia na kushoto: mwisho wa koili uguse kizuizi pande zote mbili. Koili iliyozunguka na kupanda juu ya kizuizi huinua kona yake. Angalia pia raba ya juu ya springi. Ni rahisi moja kubaki mezani, au raba ya zamani kushikamana na kiti ikabaki juu na mpya kuwekwa chini yake, kona moja ikawa na raba mbili.

Kwenye springi za majani, chunguza boliti ya katikati inayoshika majani pamoja. Kichwa chake lazima kiingie kwenye tundu la kiti kilicho juu au chini ya ekseli. Kikikaa pembeni ya tundu, springi inakaa kwa mshazari na ekseli inasogea nyuma au mbele upande mmoja, na utaona tairi haliko katikati ya uwazi wake kwenye madigadi. Yubolti zikikazwa, ncha zake zilizobaki juu ya nati zilingane. Pingili nazo zicheze. Iliyokwama kwa kutu au kwa bushi kubwa kuliko tundu huizuia springi kunyooka. Na kama nyuma uliacha springi zako za zamani ukabadilisha za mbele tu, usishangae. Springi iliyofanya kazi miaka mingi upande wa dereva na wa tangi huwa imeshuka kuliko mwenzake, na kunyanyua mbele kunafanya tofauti hiyo ionekane zaidi. Zitoe, zilaze sakafuni ubavu kwa ubavu, ulinganishe upinde wake na utafute jani lililovunjika. Sikushauri springi ya zamani ikakunjwe upya kwa moto. Chuma cha springi hupewa ugumu wake kwa joto lililopimwa, na moto wa karakana unauondoa. Upinde utaonekana mzuri siku ya kwanza, halafu utashuka tena.

Jambo jingine linalohusu sisi tunaoendesha kushoto mwa barabara. Baadhi ya seti za koili huja na springi mbili zisizolingana, moja ndefu kidogo au ngumu kidogo kwa ajili ya upande wa dereva, zikiwa na alama ya rangi au herufi. Seti iliyotengenezwa kwa soko la Marekani au la nchi za Ghuba inamhesabu dereva kuwa kushoto. Ukiinunua Dubai na kuifunga kwenye Prado ya Dar es Salaam au Mombasa kama karatasi yake inavyosema kushoto na kulia, umeipeleka springi ndefu upande wa abiria, na upande wa dereva, ambao tayari una mzigo, umepewa fupi. Kabla ya kufunga, zisimamishe koili mbili mezani uzipime urefu na unene wa waya. Zikitofautiana, ndefu iende aliko dereva wako. Na kumbuka kwamba kulia na kushoto kwa gari huhesabiwa ukiwa umekaa ndani ukitazama mbele, si ukiwa umesimama mbele ya boneti.

Stebilaiza ni ya kujaribu kwa dakika chache. Fungua linki ya upande mmoja gari likiwa sakafuni. Boliti ikitoka na kurudi kwa mkono, stebilaiza haina neno. Ikiruka, au ukihitaji mtaimbo kuirudisha, basi fimbo hiyo ilikuwa inaivuta bodi: linki moja imepinda, au zimefungwa za urefu tofauti, au stebilaiza yenyewe imepinda.

Rodi ya Panhard huleta malalamiko ambayo kwa kweli si ya gari kulala. Hii ni ile fimbo inayotoka kwenye ekseli upande mmoja kwenda kwenye chasisi upande wa pili ili ekseli isitembee pembeni. Gari likipanda, fimbo inazidi kuinama na ekseli inavutwa. Chukua fimbo ya milimita 900 ambayo tofauti ya urefu wa ncha zake kutoka chini ilikuwa 75. Ukinyanyua gari milimita 50, tofauti inakuwa 125, na ekseli inasogea pembeni karibu milimita 6. Tairi moja litatokeza nje zaidi ya jingine, na jicho litasema gari limelala. Dawa yake ni rodi inayorekebishika, au kuvumilia hizo milimita 6.

Prado 150 na Land Cruiser 200 zenye mfumo wa KDSS zinahitaji uangalizi wa pekee. Utautambua mfumo huo kwa mabomba ya mafuta yanayokwenda kwenye stebilaiza. Ndani yake mafuta yenye shinikizo ndiyo yanayoshikilia stebilaiza za mbele na nyuma, na springi zikibadilishwa bila kufungua vali zake, mfumo huendelea kushikilia hali isiyo sawa. Gari likiwa limesimama kwenye sakafu iliyonyooka bila mtu ndani, vali mbili za mfumo huo zilegezwe mizunguko miwili au mitatu, zisitolewe kabisa, gari lisukwesukwe na kuachwa litulie, kisha zifungwe kwa kipimo cha kitabu. Wengi huishia hapo, gari limesimama sawa.

Land Cruiser 100 na Hilux za kabla ya mwaka 2005 zenye toshenba mbele, yaani fimbo inayojipinda badala ya koili, zina bahati: urefu wa kila upande hurekebishwa kwa boliti yake. Inua gurudumu kwanza ili boliti isizungushwe ikiwa na mzigo, zungusha kidogo kidogo, shusha, sukuma gari, pima. Toshenba ya kulia na ya kushoto hazibadilishani.

Sasa tuseme umelegeza na kukaza bushi, springi zimekaa vizuri, stebilaiza iko huru, na gari bado limelala. Hapo ndipo uzito unapoingia. Jaza kichwani orodha ya kila kilicho upande mmoja: dereva, betri ya pili, friji, sanduku la vyombo, madumu ya maji, tangi la ziada. Dizeli lita 90 ni karibu kilo 75. Ukiona mzigo unahamishika, uhamishe. Friji ikikaa upande wa pili wa tangi, mara nyingi hesabu inakamilika. Kama hauhamishiki, spesa ndiyo dawa, na unaiweka ukijua kwa nini. Pima gari likiwa na mzigo wake wa kawaida wa safari, si tupu. Kwenye ekseli nzima yenye koili, unene wa spesa hukaribiana na urefu unaoongezeka kwenye springi hiyo. Kwenye Prado na Hilux mbele, ambako springi hukaa katikati ya mkono, spesa ya milimita 5 huinua kona kwa karibu mara mbili yake, kwa hiyo anza na nyembamba. Spesa moja kila kona, isibebane na nyingine. Na koili ya mbele isifunguliwe juu ya shokapu bila kibanio chake cha springi; nguvu iliyomo humo inaua.

Baada ya kila badiliko la urefu, gari liende kwenye alainimenti, taa za mbele zishushwe, na mipira ya breki pamoja na nyaya za ABS zikaguliwe usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kila upande na magurudumu yakining'inia. Kama breki za nyuma zina vali inayofuata mzigo, kijiti chake kirekebishwe, maana kwa macho yake gari lililonyanyuliwa ni gari tupu. Kilomita 500 zikitimia, yubolti zikazwe tena. Kwenye kilomita 1,000, rudi kwenye sakafu ile ile, upepo ule ule, mafuta yale yale, upime kona nne uzilinganishe na ulizoandika mwanzo. Tofauti ikiwa imekua na kona ni ile ile moja, springi hiyo inalegea. Irudishe ulikoinunua ukiwa na vipimo vyote viwili mkononi.